Stauti yako ya bourbon na mwaloni imegoma? Anza na dalili

Simu ninazopigiwa huku Kisumu kuhusu hii stauti, bia nyeusi nzito tunayotia bourbon (wiski ya Marekani) na vipande vya mbao za mwaloni, ni zile zile tu. Mtu anaanza na "mbao imeniharibia bia", tunaongea dakika kumi, mwisho tunagundua mbao haina kosa, bia ilikuwa imeharibika kitambo kabla mbao haijaingia. Bourbon na mwaloni hazifichi kitu. Stauti mbaya ukiitia hizo mbili unapata stauti mbaya yenye harufu ya vanila, na umepoteza pesa ya mzinga mzima wa bourbon juu yake. Kwa hivyo onja kwanza, pima kwanza, halafu ndio ufungue chupa.

Hapa naongea kuhusu ndoo ya lita 20, graviti (uzito wa bia ukilinganishwa na maji, hushuka hamira ikila sukari) ya kuanzia kama 1.090, ya mwisho kati ya 1.022 na 1.028, yaani kileo cha asilimia 8 na nusu hivi kabla hujaongeza bourbon. Kama yako ni nyepesi kuliko hapo, mbao itaikalia vibaya haraka zaidi, punguza kila kitu.

Na hii ni ya kunywa kwako na wageni wako. Ukianza kuuza hata chupa moja bila leseni umeingia kwenye ile sheria ya vileo ya 2010, ile wengi tunaiita sheria ya Mututho, na kabla hata ya kununua ndoo pita ofisi ya kaunti uulize wanaruhusu nini. Kukeneka, yaani kuitoa pombe kali kwa mvuke, usijaribu kabisa, hiyo si bia tena.

Siku mbili zimepita na haibubujiki

Mara nyingi hamira inafanya kazi vizuri tu, shida ni mfuniko. Gesi inatorokea pembeni badala ya kupitia kipumulio, kile kibomba chenye maji juu ya mfuniko. Bonyeza mfuniko polepole, kama maji ya kipumulio hayasongi basi kuna mwanya. Fungua uchungulie: ukiona povu ama duara la uchafu wa kahawia limejishika ukutani mwa ndoo, ilishaanza kazi. Bado huamini? Chukua haidromita, kile kipimo cha graviti, hiyo haidanganyi, mapovu ndio hudanganya. Ila pima maji ya kimea yakiwa yamepoa karibu nyuzi 20, yakiwa moto inasoma chini kuliko ukweli na utashtuka bure.

Kama graviti haijasonga hata kidogo, mshukiwa wa pili ni hamira. Hamira ya bia husafiri mbali kufika huku, na ikikaa kwa gari ama kwa shelfu yenye jua inafika imechoka. Vuguvugisha maji nusu kikombe, weka hamira, ngoja nusu saa uone kama inatoa krimu juu. Wa tatu ni wewe mwenyewe: ulimwaga hamira kabla maji ya kimea hayajapoa. Zaidi ya nyuzi 40 umeipika. Weka pakiti mpya, na kwa graviti ya 1.090 weka mbili za gramu 11.5, moja haitoshi hata kama mfuko unasema inatosha lita 20. Hamira ya mandazi wacha kwa mandazi.

Imesimama 1.040 na haitaki kushuka

Anza na baridi. Hii ni ya watu wa Nakuru, Molo na Eldoret zaidi kuliko sisi wa ziwani, usiku ikishuka nyuzi 11 ama 12 hamira inalala chini kabisa. Zungusha ndoo taratibu bila kufungua, ifunike blanketi, ipeleke chumba chenye joto la 20 au 21, ngoja siku nne. Mara nyingi inaamka.

NA TAFADHALI usichovye ile hita ya koili ya kuogea ndani ya ndoo. Kuna binamu yangu alifanya hivyo, ndoo ikatoboka na alipogusa maji sakafuni akarushwa hadi mlangoni. Ukitaka joto la kudumu, ama ukitaka kuunganisha friji ya zamani na kidhibiti cha joto, muite fundi wa stima aliye na cheti. Hapo simama kabisa, si mahali pa kujifunza.

Kama joto liko sawa basi ni kimea, uliloweka kwa maji moto sana. Kwa stauti kama hii lenga nyuzi 66 au 67, ukifika 71 unapata sukari ambayo hamira haiwezi kula na hiyo hairudishiki, utakunywa tamu. Sababu ya tatu ni kwamba umeweka bourbon mapema ili "ikolee", halafu hamira iliyokuwa tayari inahangaika na kileo ikazimwa kabisa. Bourbon huingia graviti ikiwa imesimama namba ile ile siku tatu mfululizo, na iwe namba inayoeleweka.

Najua kuna mtu wa upande wa Vihiga ama Kakamega atasema aongeze kimea cha wimbi ivunje hiyo sukari, kama vile nyanya anavyofanya na busaa, ile pombe ya nafaka ya kienyeji. Kweli kimea cha wimbi kinavunja. Pia kinaleta vile vidudu vinavyofanya busaa iwe chachu, na busaa ni ya kunywewa leo na kesho, haikai miezi mitatu kwa chupa. Usifanye.

Kuna tamu ingine haitokani na hapa. Huku juu maji yanachemka mapema, Kisumu karibu nyuzi 96, Nakuru karibu 94, na hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu, hazitoi uchungu wake wote. Graviti ikiwa sawa lakini bia ni kama sharubati, wakati ujao chemsha dakika 90 badala ya 60 ama ongeza hopsi kidogo mwanzoni.

Inanukia kama dawa ya kutoa rangi ya kucha, inachoma koo

Hii ndio ugonjwa wa Kisumu. Nimeugua nao ndoo mbili mfululizo kabla sijajua. Chumba kina nyuzi 28, unafikiri bia nayo ina 28, kumbe stauti nzito ikichachuka inajitengenezea joto lake na katikati ya ndoo kunaweza kuwa na 32 ama 33. Hamira ikipata joto hilo inatoa vileo vikali vinavyochoma na kukupa kichwa kibaya asubuhi, na ile harufu ya kucha. Wakati mwingine ndizi mbivu. Ya pili nilienda nikaipakia bourbon nikifikiri itafunika... ilikuwa kama kumwagia petroli.

Cheki rahisi: ile stika ya kupima joto inayobandikwa nje ya ndoo, ama kipimajoto chochote ufunge ubavuni na kitambaa. Usipime hewa ya chumba, pima ndoo. Dawa ninayotumia mpaka leo ni karai kubwa la kufulia, maji yafike nusu ya ndoo, fulana kuukuu juu ya ndoo na pindo lake limelowa kwenye maji, halafu chupa mbili za plastiki zenye barafu asubuhi na mbili jioni. Fulana inanyonya maji, upepo wa dirisha unayakausha, ndoo inapoa. Napata 20 au 21 hata Februari. Siku tatu za kwanza ndizo za kuamka usiku, baada ya hapo hata ikipanda hadi 24 haina neno.

Usipotaka hiyo kazi kuna hamira za kveik, zinatoka mashambani Norwei, hizo zinapenda joto la 30 na kupita bila kutoa huo moto wa koo. Kwa mtu wa Kisumu anayeanza ningemwambia aende na hiyo moja kwa moja.

Ile iliyokwisha kuharibika? Hakuna dawa, kuna muda tu. Miezi minne, mitano, saa zingine inalainika. Ya kucha haiishi sana. Usiipoteze bourbon yako juu yake.

Ina harufu ya plasta ama dawa ya hospitali

Klorini. Maji ya mfereji yana klorini, ikikutana na kimea na hamira inatoa hii harufu, na hata kidogo sana unaisikia. Ama uliosha ndoo na Jik na hukusuuza vizuri. Haitoki hata ukingoja mwaka, mwaga. Wakati ujao chemsha maji ya kupikia na uyaache wazi usiku kucha, ama tumia ya mvua.

Watu wa Nakuru wanaotumia kisima, sikieni: maji mengi ya chini ya ardhi ya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, na kuchemsha hakuitoi, kunaikoleza tu. Tumieni ya mvua ama ya chupa. Maji ya mvua hayana madini karibu yoyote na kimea cheusi kinaleta ukali wake, kwa hivyo ukipata ladha ya majivu na kahawa iliyoungua weka robo kijiko cha chai cha soda ya kuokea kwenye maji ya kulowekea. Ya kuokea, si magadi ya kupikia mboga. Ladha ya majivu pia inaweza kuwa wewe umechoma shayiri yako kwa kikaango mpaka ikawa makaa. Ikitoa moshi umepita.

Naonja mbao tu, mdomo unakauka

Mdomo kukauka namna ya chai iliyosahaulika kwa birika ni tanini. Sababu namba moja ni umeacha muda mrefu, na watu hawaamini vile vibanzi vinavyofanya kazi haraka. Vibanzi vyembamba vya mwaloni vinatoa karibu kila kitu ndani ya wiki moja au mbili. Vile vipande vya mraba kama sukari guru ndogo vinataka wiki nne hadi nane. Mtu anasoma maelekezo ya vipande, ananunua vibanzi, anaacha wiki sita. Basi.

Kwa lita 20 naanza na gramu 30 za vibanzi, naonja kuanzia siku ya nne, kila siku mbili kijiko kimoja. Siku ile nasema "ah, mbao iko hapo" natoa hapo hapo, maana ikipoa na kupata gesi itasikika tofauti na nataka nibaki na nafasi. Vifunge kwa kitambaa safi cha kuchujia na uzi wa kuning'inia nje, la sivyo utavitoa na nini.

Sababu ya pili ni aina ya mwaloni. Ule wa Marekani unaleta vanila na nazi, huo ndio bourbon inazeekea. Wa Ufaransa una viungo na tanini zaidi. Ya tatu, vumbi: chekecha kabla ya kutumia, ule unga wa mbao unatoa ukali wote siku ya kwanza.

Kurekebisha ni kuchanganya. Pika stauti ingine ya kawaida bila mbao, changanya moja kwa moja kwa glasi uonje, halafu ndio uchanganye ndoo. Tanini pia hushuka kidogo kidogo ukiipa miezi.

Sasa kuna ladha ya penseli, ama ya dawa ya kikohozi, ama ya rangi. Hiyo si mwaloni. Kuna jamaa Nakuru alichukua mabaki kwa fundi seremala akisema mbao ni mbao, ilikuwa mtarakwa, mti wa penseli wenyewe. Alikuwa na bahati. Mkaratusi una mafuta yake, mabaki ya fanicha yana vanishi na gundi, paleti hujui ilibeba nini, na nguzo ama mbao za ua zimetiwa sumu ya mchwa, nyingi ina aseniki. Ukishaweka mbao usiyoijua, mwaga ndoo yote, usionje kwa ulimi "kuhakikisha". Na kama mtu ameshakunywa na anatapika, mpeleke hospitali pamoja na kipande cha hiyo mbao daktari akione.

Bourbon imezidi, ama haisikiki kabisa

Bourbon kisheria inatengenezwa Marekani, nafaka yake angalau asilimia 51 ni mahindi, na inazeekea kwenye pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani. Pipa jipya kila mara, ndio maana yale yaliyotumika yanauzwa, na ndio maana viwanda vya bia kama Goose Island ya Chicago vilianza kujaza stauti humo miaka ya 1990. Sisi huku hatuna pipa, tuna chupa na vibanzi. Kwa hivyo lazima upime, pipa halitakupimia.

Shida kubwa ni watu kumwaga kwa macho. Nenda kemisti ununue bomba la sindano la mililita 5, bila sindano yenyewe, ni bei ya chai. Pima glasi nne za stauti mililita 100 kila moja. Ya kwanza weka mililita 1 ya bourbon, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne usiweke kitu. Koroga, onja ukianzia ile isiyo na kitu, mpe na mtu mwingine aonje bila kumwambia. Ukipenda ya 2, basi ndoo ya lita 20 inataka mililita 400. Ya 3 ni 600, hiyo kwangu ni nyingi mno, ila shemeji yangu anaipenda. Kwa 400 kileo kinapanda kama asilimia 0.6 tu, kutoka 8.5 hadi 9.1 hivi, kwa hivyo usidanganyike kwamba bourbon ndio imeleta nguvu, imeleta harufu.

Imezidi tayari? Changanya na stauti isiyo na bourbon, ama sahau chupa miezi mitatu. Haisikiki? Kabla ya kuongeza, ipashe kidogo kwa mikono, stauti iliyotoka kwa friji haina harufu ya kitu chochote.

Njia iliyonipa matokeo mazuri zaidi ni kuvipika vibanzi kwa mvuke dakika 15 kwa sufuria yenye mfuniko, viache vipoe, viingie kwa chupa ya jemu pamoja na bourbon wiki moja, halafu vyote vinaingia kwa ndoo. Mvuke unaua vidudu bila kutoa ladha yote. Rangi ya ile bourbon ikiwa kama chai ya rangi, iko tayari.

HAPA NDIO ONYO KUBWA. Bia ya nafaka uliyochachusha vizuri nyumbani haina methanoli (kileo chenye sumu) ya kukuumiza, lakini kinywaji feki ulichokiongeza kinaweza kuwa nayo. Bei ikiwa rahisi ajabu jiulize. Angalia stempu ya ushuru ya KRA, iskani na ile programu yao ya Soma Label, tazama kama mfuniko umeguswa. Ukiwa na shaka usitumie. Na mtu akinywa halafu baadaye, hata siku ya pili yake, aanze kuona ukungu, tumbo kuuma sana, kichwa, kuhema kwa nguvu, usimpe maziwa wala usimlaze "apoe", ni hospitali saa hiyo hiyo, na ubebe chupa.

Imekuwa chachu, kuna utando mweupe juu

Utando mwembamba wenye mapovu kama plastiki iliyokunjika ni maambukizi. Sababu ya kwanza ni nafasi tupu kubwa juu ya bia. Ulihamisha lita 17 kwa ndoo ya 30, ukafungua kila siku kuonja, hewa ikaingia, na ukisikia siki basi ni hewa. Ya pili, vibanzi viliingia vikavu bila mvuke wala bourbon. Ya tatu, vifaa: mpira wa kuhamishia wenye mikwaruzo ndani hausafishiki, tupa. Na ya nne ni yetu watu wa magharibi, unapika stauti jikoni ambamo kuna mtungi wa busaa. Tenganisha, hata miiko.

Chachu kidogo ya kupendeza na hakuna siki, kunywa haraka, usiweke kwa chupa za kukaa. Siki, mwaga. Utando wenye manyoya ya kijani ama meusi ni kuvu, usiuengue ukanywa kilicho chini, mwaga.

Chupa hazina gesi, ama zinafoka

Bila gesi ni kawaida, hamira imechoka na kileo. Ngoja wiki sita kabla ya kulia. Bado? Fungua kila moja, weka chembe chache za hamira mpya kavu, funga. Mimi siku hizi naweka hamira mpya siku ya kujaza chupa kabisa, kama theluthi ya pakiti, na sukari gramu 100 hadi 110 kwa lita 20 zote, imeyeyushwa kwa maji ya moto. Si kijiko kila chupa, vijiko havilingani.

Kufoka sasa. Mara nyingi ulijaza chupa kabla graviti haijasimama. Mara chache ni sukari nyingi, mara chache zaidi ni vidudu. Fungua moja nje, ndani ya ndoo tupu. Ikipanda polepole ikafurika, peleka zote kwa baridi na uzinywe mapema. Ikiruka kama soda iliyotikiswa, acha hapo. Usizibebe kwa mikono, usizifungue moja moja jikoni, watoto watoke chumba hicho. Zifunike na blanketi nzito mbili, vaa miwani ya fundi wa kuchomelea na glavu na jaketi, sogeza kreti nzima kwa baridi zikae siku mbili ndipo utoe gesi. Kama moja imeshapasuka yenyewe, hata kusogeza usisogeze, funika, funga mlango, ngoja usiku wa baridi.

Na chupa ziwe za bia, zile nene za kreti. Mzinga na kota, zile chupa za pombe kali, ni za vinywaji visivyo na gesi, glasi yake ni nyembamba. Mimi niliweka kwa mizinga sita kwa sababu ilikuwa inapendeza na lebo ya bourbon, mbili zikapasuka saa tisa usiku, na hadi leo kuna kipande cha glasi kwa dari ya stoo, sijapanda kukitoa.